Kompyuta Isiyoamka Baada ya Kubadilishwa Baiosi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Sogea karibu na taa. Kama mko darasani, mmoja asome kwa sauti, na wengine wafuate mstari kwa kidole. Mkifika penye swali, simameni kwanza mlijibu, ndipo muendelee. Hakuna haraka.

Leo twazungumza juu ya taabu moja inayowapata watu wengi wenye kompyuta. Mashine ilikuwa nzima asubuhi. Mchana ikabadilishwa programu yake ya ndani. Jioni haiamki tena. Je, imekufa? Itupwe? Iuzwe vipuri? Tutaangalia jambo hili hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta mahali bomba linapovuja.

TAABU YENYEWE

Tuseme wewe waishi Kasesya, pale mpakani mwa Tanzania na Zambia, mwisho wa barabara itokayo Sumbawanga na kupita Matai. Una kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala. Wasafiri huja kwako kujaziwa fomu. Wafanyabiashara wa mahindi na maharage huja kuandikiwa stakabadhi. Tena wewe ndiwe katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama ni 30, na wengi wao ni akina mama. Kila juma wewe huandika hisa zao katika kompyuta hiyo moja. Mwezi wa Desemba kikundi kitavunjwa, na kila mtu atapewa fungu lake.

Siku moja kompyuta yakuletea maneno kwenye kioo. Yasema kwamba kuna baiosi mpya, na kwamba ubonyeze hapa. Wabonyeza. Mstari waanza kutembea pole pole kutoka kushoto kwenda kulia. Asilimia 10. Asilimia 20. Asilimia 40. Mara umeme wakatika.

Umeme unaporudi wabonyeza kitufe cha kuwashia. Feni yazunguka. Taa ndogo yawaka. Lakini kioo ni cheusi, wala hakuna herufi hata moja. Wazima, wawasha tena. Ni vile vile.

Jirani asema, "Hiyo imekufa, iuze." Mwingine asema, "Mpelekee kijana wangu, ataifomati leo leo." Wewe huwasikii vizuri. Kichwani mwako mna jambo moja tu: hisa za watu 30.

Basi tulia. Kabla ya kumpa mtu yeyote mashine hiyo, yafaa ujue mambo mawili. Kwanza, kitu gani kimeharibika. Pili, kitu gani hakijaharibika.

UBAO MAMA NI KITU GANI?

Ukifungua kompyuta utaona ubao mpana, mara nyingi wa rangi ya kijani au nyeusi, wenye vitu vidogo vingi vilivyobandikwa juu yake. Huo ndio ubao mama. Mafundi huuita madabodi. Kila kitu katika kompyuta kimeungwa na ubao huo. Pana prosesa, ambayo ndiyo hufanya hesabu. Pana ramu, ambayo hushika mambo ya sasa hivi, na umeme ukikatika husahau yote. Pana diski, ambayo hutunza barua zako, picha zako, na hisa za kikundi. Diski haisahau umeme ukikatika.

Juu ya ubao mama pana chipu moja ndogo, karibu na ukubwa wa punje ya mahindi. Mara nyingi ina miguu minane, minne upande huu na minne upande huu. Ndani ya chipu hiyo mmeandikwa programu ya kuamshia mashine. Programu hiyo huitwa baiosi. Jina hilo lilianza katika miaka ya 1970 katika kazi ya Mmarekani mmoja, Gary Kildall. Katika kompyuta za siku hizi programu hiyo imebadilika sana, na ina jina jipya, yuefi. Lakini mafundi wengi wangali wanaiita baiosi, na sisi tutaiita hivyo hivyo.

Kazi ya baiosi ni nini? Fikiri juu ya nyumba yako alfajiri. Mtu mmoja huamka kabla ya wengine. Huwasha moto, huteka maji, huangalia kama watoto wote wapo, kisha huwaamsha. Baiosi ndiye huyo anayeamka wa kwanza. Unapobonyeza kitufe, prosesa haijui kitu chochote. Huenda mahali pamoja tu, nayo ni ile chipu, kusoma amri ya kwanza. Baiosi huiambia: angalia ramu, angalia kibodi, washa kioo, tafuta diski. Yote yakiwa tayari, baiosi huikabidhi kazi Windows, au programu nyingine kubwa iliyomo katika diski.

Sasa jibu swali hili kabla ya kuendelea. Hisa za kikundi zimo katika chipu ya baiosi, au zimo katika diski?

Vema. Zimo katika diski. Likumbuke jambo hilo, maana ndilo kubwa katika somo zima.

KUMETOKEA NINI NDANI?

Mwalimu wako akitaka kuandika somo jipya ubaoni, hufanya nini kwanza? Hufuta somo la zamani. Ndipo huandika. Sasa tuseme amekwisha kufuta, ameandika mistari miwili, akaitwa nje asirudi. Atakayeingia darasani atakuta nini? Somo la zamani halipo, na jipya halijatimia.

Ndivyo ilivyo katika chipu ya baiosi. Maandishi ya zamani hufutwa, kisha mapya huandikwa, sehemu kwa sehemu. Umeme ukikatika katikati, chipu hubaki na maneno nusu. Unapowasha mashine, prosesa huenda kusoma amri, hukuta maneno yasiyo na maana, na husimama pale pale. Feni huzunguka kwa sababu umeme upo. Kioo huwa cheusi kwa sababu hakuna aliyeamriwa kukiwasha.

Kwa hiyo ubao haukuungua. Maandishi ndiyo yaliyoharibika, na maandishi huweza kuandikwa tena.

Dunia ililiona jambo hili kwa ukubwa mwaka 1999. Kijana mmoja wa Taiwan, Chen Ing-hau, alikuwa ametunga kirusi cha kompyuta kilichoitwa CIH. Kirusi hicho kiliingia katika mashine za watu kimya kimya. Tarehe 26 Aprili 1999 kikaamka. Kiliandika takataka mwanzoni mwa diski, na katika mashine za namna fulani kiliandika takataka hata ndani ya chipu ya baiosi. Mashine nyingi ziliharibika, hasa katika nchi za Asia na Uturuki. Asubuhi watu walibonyeza kitufe, na kioo kikabaki cheusi. Wengi waliambiwa wanunue ubao mpya. Lakini mafundi waliojua kazi walitoa chipu, wakaiandika upya, na ubao ukaamka.

HATUA YA KWANZA: NGOJA

Hatua ya kwanza ni kungoja. Baada ya kubadilishwa baiosi, kompyuta nyingine hujizima na kujiwasha yenyewe mara mbili au tatu. Nyingine hupima ramu upya, na kazi hiyo huweza kuchukua dakika kadhaa, kioo kikiwa cheusi wakati wote. Mtu asiyejua hudhani imekufa, akaizima katikati ya kazi, na hapo ndipo huiua kweli.

Basi washa mashine, tazama saa, na ngoja dakika 15. Kama mstari bado watembea kwenye kioo, usiguse kitu.

HATUA YA PILI: TAZAMA NA USIKILIZE

Sasa angalia mashine yafanya nini. Yapo mambo matatu.

La kwanza: hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti. Hapo usiilaumu chipu kwanza. Umeme unaporudi baada ya kukatika, mara nyingine huja kwa nguvu nyingi kupita kiasi. Huweza kuunguza kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kompyuta, au kichajio cha kompyuta ya mkononi. Jaribu tundu jingine la ukutani. Angalia waya, angalia fyuzi ya plagi, angalia swichi ya nyuma. Azima kichajio cha mtu mwenye mashine kama yako. Watu wengi wamelipia ubao mpya, kumbe kilichokufa ni kichajio.

La pili: kioo chaonyesha maneno, lakini Windows haianzi. Hapo baiosi ni nzima, kwa maana ndiyo iliyoandika maneno hayo. Taabu yako ni ndogo. Baiosi mpya mara nyingi husahau mapenzi yako ya zamani. Huenda imesahau ni diski ipi ianzwe, au diski isomwe kwa njia gani. Ingia katika ukurasa wa baiosi, utazame kama diski yaonekana, na urudishe mipango kama ilivyokuwa.

La tatu: feni yazunguka, taa yawaka, kioo ni cheusi, na ukibonyeza kitufe cha herufi kubwa taa ya kibodi haiwaki. Au mashine yajiwasha na kujizima bila kukoma. Hapo chipu ya baiosi yafaa kutiliwa shaka. Lakini bado usikate shauri. Endelea na hatua ya tatu.

HATUA YA TATU: YAPUNGUZE MAMBO

Kwanza jilinde. Zima mashine na uchomoe waya ukutani. Usifungue kamwe kisanduku cha umeme, maana ndani yake hubaki umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Tena linda na ubao. Huku Ufipa ni juu, na miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali na hewa huwa kavu. Watu huvaa masweta. Ukivua sweta gizani, wakati mwingine huona cheche ndogo na kusikia mlio. Cheche kama hiyo huweza kuua chipu. Kwa hiyo vua sweta mbali na kazi, kisha gusa chuma kitupu cha kasha la kompyuta kabla ya kugusa ubao.

Sasa fanya haya, moja baada ya jingine. Baada ya kila moja, washa ujaribu, kisha uzime na kuchomoa waya tena.

Moja. Waya ukiwa umechomolewa, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa nusu dakika. Hii humaliza umeme uliobaki. Kama ni kompyuta ya mkononi na betri yake hutoka, itoe kwanza.

Mbili. Chomoa kila kitu cha nje: mashine ya kuchapia, flashi, kipanya. Acha kibodi na kioo tu.

Tatu. Tafuta betri ndogo juu ya ubao, ya mviringo kama sarafu. Mara nyingi imeandikwa CR2032. Itoe, ngoja dakika 5, irudishe. Betri hiyo hutunza saa na mipango ya baiosi. Ukiitoa, mipango husahauliwa, na mashine huanza na mipango ya kiwandani. Usishangae ukiona tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Utaiweka sawa baadaye. Lakini fahamu kwamba jambo hili hufuta mipango tu. Haliandiki upya baiosi iliyoharibika. Likisaidia, ujue maandishi yalikuwa mazima na mipango ndiyo iliyokuwa mibaya.

Nne. Toa ramu, futa meno yake kwa kitambaa safi kikavu, irudishe mpaka ilie kwa kushika. Kama ziko mbili, jaribu na moja, kisha na ile nyingine.

Tano. Sikiliza milio na utazame taa. Bao nyingine hulia milio mifupi na mirefu, nyingine hupepesa taa. Hesabu, uandike katika daftari. Kitabu cha mashine hiyo kitakuambia maana yake. Mashine ikilia, hiyo ni habari njema, kwa sababu sehemu fulani ya baiosi ingali yafanya kazi.

HATUA YA NNE: MLANGO WA NYUMA

Watengenezaji wa kompyuta wanajua kwamba umeme hukatika. Kwa hiyo wengi wao wameacha mlango wa nyuma wa kuingilia wakati mlango wa mbele umeharibika.

Bao nyingi za Gigabyte zimewekwa chipu mbili. Ya kwanza ikiharibika, ya pili huamka badala yake. Bao nyingi za ASUS na za MSI zina kitufe kidogo nyuma, karibu na tundu la flashi. Ukichomeka flashi yenye baiosi sahihi na kukibonyeza kitufe hicho, ubao husoma flashi na kuiandika chipu hata kama kioo ni cheusi. Katika kompyuta nyingi za mkononi za HP, mashine ikiwa imezimwa na kichajio kimechomekwa, mtu hushikilia kitufe chenye alama ya Windows pamoja na kitufe cha B, kisha hubonyeza kitufe cha kuwashia. Katika nyingi za Dell za miaka ya karibuni, mtu hushikilia Ctrl na Esc huku akichomeka kichajio. Kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Kifuate hicho, usifuate maneno ya njiani.

Utahitaji flashi na kompyuta ya rafiki. Angalia mambo manne.

Kwanza, jina kamili la mashine au la ubao. Soma herufi na tarakimu zote, pamoja na namba ya toleo iliyopigwa chapa ubaoni. Bao mbili huweza kuwa na jina moja na matoleo mbali mbali, na baiosi ya hili isiifae ile. Hapa kujua kusoma ni mali. Herufi moja ikikosewa, kazi yote imepotea.

Pili, chukua baiosi kwa mtengenezaji mwenyewe tu, usiichukue kwa mtu mwingine.

Tatu, flashi iandaliwe kwa namna iitwayo FAT32. Ukiiandaa, vyote vilivyomo hufutwa. Kwa hiyo hamisha kwanza picha za harusi ya dada yako.

Nne, faili lipewe jina lile lile linalotakiwa na kitabu, na flashi ichomekwe katika tundu lile lile linalotakiwa.

Na umeme je? Usiifanye kazi hii wakati umeme unayumba. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

HATUA YA TANO: KWA FUNDI

Mlango wa nyuma ukikosekana, nenda kwa fundi. Huenda ukafunga safari mpaka Sumbawanga. Fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu hushika miguu minane kwa kibanio, hukiunga na kompyuta yake, na huandika baiosi upya. Kazi hiyo huwezekana, wala si uchawi. Lakini si kila fundi ana kifaa hicho. Kwa hiyo uliza kabla ya kuacha mashine.

Mwambie hivi: "Fundi, shikamoo. Mashine hii ilikuwa nzima. Umeme ulikatika wakati baiosi inabadilishwa. Nimekwisha jaribu kutoa betri na kubadilisha ramu. Naomba uiandike chipu ya baiosi. Diski usiiguse wala usiifomati, maana ina hesabu za watu."

Fundi akiwa kijana kuliko wewe, badala ya shikamoo utasema tu hujambo. Lakini maneno mengine yabaki vile vile.

Fundi mzuri atafanya mambo matatu. Kwanza atasoma namba iliyo juu ya chipu, ajue yatumia volti ngapi. Nyingi hutumia volti 3.3, na nyingine hutumia 1.8 tu. Aliyekosea huiunguza chipu. Pili, kabla ya kuandika, atasoma yaliyomo na kuyatunza, maana ndani yake mna namba za mashine yako ambazo hazimo katika baiosi ya mtengenezaji. Tatu, akimaliza kuandika atasoma tena na kulinganisha. Fundi asiyefanya haya, chukua mashine yako kwa adabu, uende kwa mwingine.

Chipu ikiandikwa sawa sawa na mashine bado haiamki, hapo ndipo twaweza kusema kwamba ubao wenyewe una ugonjwa. Kununua ubao mpya ni shauri la mwisho.

HISA ZA KIKUNDI

Sasa turudi kwa watu 30. Diski yaweza kutolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine kwa kasha lake au kwa waya wake, na mafaili yakasomwa. Ubao mama ukifa kabisa, diski huweza kuwa nzima kabisa. Katika mashine chache diski imebandikwa juu ya ubao moja kwa moja, na hizo zina taabu zaidi. Lakini katika nyingi hutoka kwa kufungua skurubu moja au mbili. Kwa hiyo kama mkutano wa kikundi ni kesho, usingoje ubao. Mwombe fundi akutolee mafaili kwanza.

Lipo jambo moja la kuangalia. Mashine nyingi za Windows siku hizi hufunga diski kwa kufuli ya maandishi. Baiosi ikibadilika, au diski ikipelekwa mashine nyingine, kioo huweza kudai ufunguo wenye tarakimu 48. Ufunguo huo huweza kuwa umetunzwa katika akaunti yako ya Microsoft, na waweza kuutafuta kwa simu. Asiye na ufunguo hatasoma kitu, hata awe fundi mkubwa namna gani. Basi uandike leo katika karatasi, mashine ikiwa nzima, uiweke pamoja na hati zako za nyumba.

KUZUIA

Je, yafaa kubadilisha baiosi? Mara nyingi mashine nzima haina haja. Lakini ziko sababu za kweli. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilieleza kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikijipatia volti nyingi kupita kiasi na kuharibika. Dawa ya kuzuia uharibifu huo ilikuja kwa njia ya baiosi mpya. Wenye mashine hizo walikuwa na haja ya kubadilisha. Kwa hiyo soma kwanza baiosi mpya yatengeneza nini, ndipo ukate shauri.

Ukikata shauri la kubadilisha, fuata haya.

Nakili mafaili yako katika flashi au diski nyingine.

Andika ufunguo wa diski.

Hakikisha umeme. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga ulipata umeme kutoka Zambia, kwa waya zinazopita upande wa Mbala, na kila mkazi wa Ufipa ajua taa kuzimika ghafula. Kompyuta ya mkononi iwe na betri iliyojaa, na kichajio kiwe kimechomekwa. Kompyuta ya mezani iwe na yupiesi yenye betri nzima. Kama watumia jenereta, angalia petroli kabla, usiangalie katikati.

Usifanye kazi hiyo wakati wa radi, kati ya Novemba na Aprili mvua zinaponyesha. Wala usiifanye saa ambazo mashine ya kusaga ya jirani yaanza kazi na taa zako hufifia.

Mstari ukianza kutembea, funga mlango wa kibanda. Asiingie mtoto, asiingie mteja mwenye haraka. Kaa, utazame mpaka mwisho.

Na neno la mwisho. Hata kompyuta ikiwa nzima kabisa, hisa za kikundi ziandikwe pia katika daftari kwa wino, na kila mwanachama aweke sahihi yake mbele ya jina lake. Mwanachama aliyejifunza kuandika jina lake mwaka huu atafurahi kuliandika pale. Na siku kioo kitakapokuwa cheusi, hutalazimika kuwaambia watu 30 kwamba fedha zao zimo ndani ya kitu kisichoamka.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Baiosi huamsha mashine. Diski hutunza mali yako. Kuharibika kwa moja si kuharibika kwa nyingine.

2. Ngoja dakika 15 kabla ya kusema imekufa.

3. Pasipo taa wala feni, anza na umeme. Feni ikizunguka na kioo kikiwa cheusi, itilie shaka baiosi.

4. Kutoa betri ya sarafu hufuta mipango tu.

5. Usimruhusu mtu kufomati diski kwa ugonjwa wa ubao.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini feni huzunguka ingawa baiosi imeharibika?

2. Mashine yaonyesha maneno kwenye kioo lakini Windows haianzi. Je, chipu ya baiosi yafaa kuandikwa upya? Toa sababu.

3. Fundi asema, "Nitaifomati, itapona." Utamjibu nini? Wawili wasimame mbele ya darasa, mmoja awe fundi na mwingine awe katibu wa kikundi.

4. Andikeni katika madaftari yenu mambo manne ya kuangalia kabla ya kuandika baiosi kwa flashi.

5. Nendeni mtazame kompyuta moja iliyo karibu nanyi. Nakilini jina lake kamili, herufi kwa herufi. Mlete darasani juma lijalo, tulinganishe kama kila mtu amenakili sawa.

Hapo ndipo somo letu linapokomea leo. Kwa herini, ndugu wasikilizaji. Kwa heri na wewe uliyesoma.